Kidevu cha Mama Ufunguo

Mwisho wa korido ya Idara ya Saikolojia kuna mlango wenye namba tisa. Mzee aliyekuwa na ofisi hiyo alistaafu, akabeba vitabu vyake kwenye maboksi ya sabuni, akatuaga mmoja mmoja, na tangu siku ile mlango haukufunguliwa. Ufunguo wake ulibaki kwenye shada la Mama Ufunguo, mhudumu wetu, umefungwa uzi mwekundu usije ukachanganywa na mingine. Kila nilipopita pale nikienda kufundisha niliutupia mlango ule jicho la pembeni, kama msichana anayemtazama kijana na hataki ijulikane kwamba anatazama.

Nafasi ilikuwa moja, ya mhadhiri, na mkataba wangu wa mhadhiri msaidizi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Alhamisi saa nne asubuhi ningesimama mbele ya kamati ya idara kueleza utafiti wangu. Wakiridhika, naingia namba tisa. Wasiporidhika, maboksi ya sabuni yanakuwa yangu.

Na nilikuwa na raha zangu, kwa sababu utafiti ulikuwa umetoka vizuri mpaka nikajiogopa.

Niseme kwanza nilivyofika hapo. Idara hii niliiingia kwa vidole, si kwa kichwa. Nilikuwa mpiga chapa. Nilichapa mitihani, nilichapa barua za udhuru, na zaidi nilichapa makala za mkuu wa idara, profesa mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Bwana Ushahidi. Hukuweza kutoa kauli mbele yake, hata "mvua inakuja," asikuulize, "Ushahidi uko wapi?" Miaka miwili nikachapa habari za kumbukumbu, hofu, na jinsi watoto wanavyojifunza kusema, na bila kukusudia nikawa nazisoma. Siku moja nikagonga mlango wake.

"Shikamoo, Profesa. Hapa ukurasa wa tatu umeandika watoto ishirini. Kule wa tisa wamekuwa ishirini na mmoja."

Akazichukua karatasi. Akasoma. Akanitazama juu ya miwani.

"Huyu wa ishirini na moja ametoka wapi?"

"Mimi nimechapa tu, Profesa. Sijamzaa."

Neno lilishatoka, nikajua kazi imeota mbawa. Yeye akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Wewe usichape. Wewe usome."

Jumatatu iliyofuata nikajiandikisha masomo ya jioni. Mchana nachapa, jioni nakaa dawati la mbele kabisa ili usingizi uone aibu. Miaka kumi ikakatika hivyo. Shahada ya kwanza niliipata nikiwa mchumba wa mtu, ya pili nikiwa mke wa mtu, na ya tatu niliitetea mwanangu akiwa amekaa nje ya mlango na baba yake, akilia kwamba anataka na yeye kuulizwa maswali.

Mtoto huyo ndiye Kibiriti. Jina la kwenye cheti lipo, lakini baba yake alimwita hivyo tangu wiki ya kwanza, maana ni mdogo na anawaka haraka. Baba yake ni fundi wa friji. Mimi akiniona na kitabu ananiita Daktari. Akiniona na ufagio ananiita mke wangu. Nimemwambia wote wawili ni mtu mmoja, anasema bado anafanya uchunguzi.

Sasa utafiti wenyewe. Chumba namba sita kilikuwa stoo ya karatasi za mitihani ya zamani. Nilikiomba, nikakisugua sakafu kwa magoti yangu, nikatandika zulia na kuweka meza fupi. Juu ya meza, vikombe vitatu vya plastiki vimefunikwa: chekundu, cha buluu, cha njano. Mtoto wa miaka miwili na nusu anakaa mbele yake. Namficha bata mdogo wa plastiki chini ya kikombe kimoja, mtoto akiona. Kisha nashusha kipazia mbele ya vikombe kwa dakika moja. Nusu ya watoto, dakika hiyo tunaimba kiwimbo nilichotunga mwenyewe: bata kalala, bata kalala, tusimwamshe. Nusu nyingine tunakaa kimya, mtoto anapanga vijiti vya rangi. Pazia likipanda nauliza, "Bata yuko wapi?" Na ninapouliza nafunga macho, kwa kanuni, ili nisije nikamwonyesha mtoto jibu kwa kutazama. Kamera ndogo nyuma ya mtoto inarekodi yote.

Watoto ishirini walioimba, kumi na wanane walimpata bata. Ishirini waliokaa kimya, tisa tu. Nilipoyaona matokeo yale nilimkumbatia Mama Ufunguo, funguo zote zikalia.

Yeye alikuwepo siku zote. Mama wa watoto walisubiri nje, na mtoto hawezi kuachwa peke yake na mwanamke mgeni mwenye vikombe vitatu, kwa hiyo Mama Ufunguo alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, uso kwa mtoto, na kitambaa chake cha kufuma mapajani. Mtoto yeyote akimwona anatulia. Ana uso wa mtu ambaye ameshakusamehe kabla hujakosa.

Nikaandika tangazo, likabandikwa ukutani: Wimbo Unavyomsaidia Mtoto Mdogo Kukumbuka. Wenzangu wakanipa mkono kwenye ngazi. Mwalimu wa takwimu, tunayemwita Desimali, akasema, "Matokeo yako mazuri kama ya kubuni." Nikacheka. Nikadhani ni sifa.

Jumamosi iliyotangulia Alhamisi ile nilikaa sebuleni na kompyuta, Kibiriti mapajani, nikikata vipande vya video vya kuonyesha kamati. Baba yake alikuwa barazani amefungua mgongo wa friji la jirani. Vipande vyangu nilivikata vifupi: vinaanza pazia linapopanda, vinaisha mtoto anaposhika kikombe. Bata anapofichwa haonekani.

Kipande cha kwanza. Pazia likapanda, na kabla mtoto wa kwenye video hajanyoosha mkono, Kibiriti akagusa kioo. "Bata huku." Chekundu. Kweli, chekundu.

Nikambusu utosini. Kipande cha pili: "Bata huku." Njano. Kweli. Cha tatu, cha nne. Nikamwita baba yake aje aone mwanawe mganga. Cha tano, cha sita. Kwenye cha saba nikaacha kucheka.

"Umejuaje, mwanangu?"

"Bibi kasema."

"Bibi gani? Hakuna mtu aliyesema, wote wamenyamaza."

Kibiriti akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa dawati la nyuma. "Bibi kasema na kidevu."

Nikarudisha video. Safari hii sikutazama mikono ya watoto. Nilitazama kona ya juu ya picha, nyuma ya bega langu, na pale nikamwona Mama Ufunguo ameweka kitambaa pembeni, wimbo umemchangamsha, macho yamemjaa huruma. Na mara tu nilipofunga macho yangu na kuuliza swali, kidevu chake kikaenda chekundu. Kidogo tu. Kama mtu anayemwonyesha mgeni bafu lilipo bila kuwashtua waliokaa. Video nyingine, kidevu kikaenda njano. Nyingine, buluu.

Halafu nikafungua za watoto waliokaa kimya. Humo Mama Ufunguo alikuwa ametii agizo la kimya kwa moyo wake wote. Kichwa chini, anafuma. Hamtazami mtu.

Basi. Siyo wimbo. Watoto hawakukumbuka chochote zaidi. Wimbo ulimwinua Mama Ufunguo kichwa, na Mama Ufunguo akawaonyesha bata. Video zile nilizitazama mara tano kila moja, lakini kwa jicho la mtu anayehesabu: mkono, kikombe, sekunde. Nilifunga macho yangu mawili kwa uangalifu wote wa kisayansi, nikasahau kwamba nyuma yangu kuna mengine mawili.

Nikaenda barazani nikakaa kwenye ngazi. Baba Kibiriti akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza. Akasikiliza huku anaipangusa bisibisi.

"Na kamati wanajua?"

"Hajui mtu. Ni mimi na wewe na mwanao."

"Kwa hiyo ukinyamaza..."

"Nikinyamaza naingia namba tisa."

Akaihamishia bisibisi mkono wa kushoto. Kisha akalipiga friji kofi la ubavuni. "Hili, unaliona? Limeletwa halipoi. Nimelifungua, kabla sijagusa kitu limeanza kupoa lenyewe. Ningeweza kumpigia jirani aje achukue, anishukuru na mkono wa kheri. Unajua kwa nini bado liko wazi?"

"Kwa sababu litakurudia."

"Litanirudia, tena siku nimevaa nguo nzuri." Akaanza kufungua skrubu nyingine. "Lifungue friji lako, Daktari. Una siku ngapi?"

"Nne."

"Wengine wanapewa nusu saa."

Jumatatu saa mbili nilimkuta Mama Ufunguo kwenye kijichumba chake cha chai, anapanga vikombe. Nikamwonyesha video moja, halafu ya pili. Mwanzoni alifurahi kujiona. "He, nimenenepa. Hilo gauni linanipenda." Kisha akaona. Akasogea kwenye kioo. Akashika kidevu chake kwa mkono kama anayekamata kuku.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Kidevu changu kina mdomo wake?"

Nikashindwa kujizuia nikacheka, naye akacheka, halafu katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Nimekuharibia, mwanangu. Miaka yote ile nakuona unapita na madaftari, mimi ndiye nilikuwekea chai, leo nije nikuharibie kwa kidevu! Niliwaonea huruma tu. Mtoto anavitazama vile vikombe kama anayetafuta mama yake sokoni."

"Hukuharibu, mama. Mimi ndiye sikukuona. Nilikupa mgongo."

Akajifuta na kona ya kanga. Akawaza. Mtu aliyeshika funguo za idara nzima kwa miaka mingi ana namna yake ya kuwaza, anajaribu mmoja baada ya mwingine. "Sasa utajuaje ni mimi kweli? Labda ni wimbo pia."

"Ndiyo ninachotaka kujua."

"Basi nidanganye."

"Nini?"

"Nidanganye mimi. Nikae nje wakati unamficha bata wako. Niambie yuko buluu, kumbe umemweka njano. Mtoto ameona njano. Tuone atamwamini nani, macho yake au kidevu changu."

Nikatafuta kalamu. Miaka kumi ya masomo, na jaribio zuri kuliko yote limetoka kwenye chumba cha chai.

Kubadili utaratibu wa utafiti kulihitaji sahihi ya mkuu wa idara. Nikaijaza fomu, na kwenye mstari wa sababu nikaandika kweli tupu: msimamizi wa chumba humwelekeza mtoto kwa kidevu bila kujijua, na mtafiti hakuona. Mkono wangu ulikuwa mzito kama ninasaini talaka. Bwana Ushahidi aliisoma mara mbili. Nilisubiri aseme kitu. Yule aliyenitoa kwenye mashine ya kuchapa, yule ambaye Alhamisi angekalia kiti cha mbele.

"Tangazo lako linasema wimbo," akasema.

"Ndiyo, Profesa. Nitalibandua."

"Na hiki kidevu. Ushahidi uko wapi?"

"Sina bado."

Akasaini. "Alhamisi iko palepale, binti. Saa nne." Akarudi kwenye karatasi zake. Nilipofika mlangoni niligeuka nione kama uso wake una lolote. Ulikuwa ukuta uliopakwa rangi.

Jumanne na Jumatano tulikuwa na watoto ishirini na wanne wa chekechea ya chuo, mama zao wameshasaini fomu muhula uliopita. Watoto kumi na wawili wa kwanza, Mama Ufunguo alikaa nyuma ya pazia kubwa, wanasikia funguo zake tu. Walioimba na walionyamaza wakatoka sawasawa, nusu kwa nusu. Wimbo wangu mzuri haukusaidia kitu, ila watoto waliupenda, na mmoja alikataa kuondoka mpaka tuurudie.

Kwa wale kumi na wawili wengine alikaa kwenye kigoda chake. Kila nilipomficha bata alisubiri nje, na akiingia nikampa kikaratasi: bata yuko buluu. Bata yuko njano. Sita vilisema kweli, sita vilisema uongo, na yeye hakujua kipi ni kipi.

"Leo nimejifunga," aliniambia. "Leo nakaza shingo. Hakitoki kitu hapa."

Akakaza shingo mpaka mishipa ikamsimama. Kidevu kikaenda vilevile. Kilikwenda kwa upana wa ukucha, lakini kilikwenda, na watoto wakakifuata. Vikaratasi sita vya kweli, watoto sita wakampata bata. Vikaratasi sita vya uongo, watoto watano, walioona kwa macho yao nikimweka bata mahali pengine, wakafunua kikombe kitupu.

Wa mwisho kati yao alikuwa binti mmoja mnene mwenye viatu vya kijani. Alifunua buluu, akakuta hewa. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama Mama Ufunguo, muda mrefu, kama mtu aliyeuziwa redio mbovu na rafiki.

"Jamani," Mama Ufunguo akaniambia baadaye, "nimeaibika mbele ya watu wengi maishani, lakini huyu wa leo ndiye ameniweza."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye zulia, vikaratasi vimenizunguka, nimejaa furaha na hofu. Furaha kwa sababu nilikuwa nimeona kitu cha kweli: mtoto mdogo akiwa na mtu anayempenda, anamwamini mtu huyo kuliko kumbukumbu yake mwenyewe. Hofu kwa sababu ilikuwa Jumatano saa kumi, na kamati ilikuwa imeahidiwa wimbo.

Alhamisi nilivaa gauni la siku niliyotetea shahada ya tatu. Kamati ilikuwa watu watatu: Bwana Ushahidi katikati, Desimali kulia na kikokotoo chake, na kushoto mwalimu mmoja mama wa idara jirani, aliyekuja na kalamu nne. Mama Ufunguo aliingia na birika la chai kama kwenye kila kikao, akasimama kwenye meza ya chai, nyuma yangu.

Nikapanga vikombe vitatu. "Kabla sijaanza, Profesa, naomba unisaidie. Nageuza vikombe, wewe unatazama ukutani. Nikikuambia geuka, mtafute bata."

"Mimi?"

"Wewe, Profesa."

Akageuka ukutani na heshima zake zote. Nikaficha, nikafunga macho yangu, nikamwita. Akavitazama vikombe, akapangusa miwani, akachagua chekundu. Bata yumo. Desimali akapiga makofi mawili. Mara ya pili akakosa. Ya tatu akapata. Ya nne akapata. Ya tano akapata, akamnyanyua bata kwa shingo, amefurahi kuliko alivyotaka tuone.

"Nne kati ya tano," akasema. "Leo nimeamka vizuri."

"Kwa kubahatisha tu," akasema Desimali akibonyeza kikokotoo, "hiyo haifiki hata mara tano katika mia."

"Ndiyo nasema nimeamka vizuri." Akarudi kitini na bata mkononi.

Nikavuta pumzi. "Waheshimiwa, utafiti niliowatangazia haupo tena. Wimbo haumsaidii mtoto kukumbuka. Nilikosea, na nataka kuwaeleza nilivyokosea."

Yule mama wa kalamu nne akazilaza zote mezani. Nikaeleza. Nikawaonyesha video, mikono kwanza, kama nilivyoiona mimi. Kisha nikawaomba watazame kona ya juu. Desimali alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Nikaeleza vikaratasi, sita na sita. Nikamtaja aliyelibuni jaribio lile, na nyuma yangu nikasikia kijiko kinaanguka.

"Watoto ishirini na wanne ni wachache," alisema yule mama.

"Ni wachache sana. Naomba chumba na muda ili wawe mia mbili."

"Ungeweza kunyamaza," alisema Desimali, taratibu. "Takwimu zile mimi nilizikagua. Zilikuwa zinapita."

"Wewe uliniambia ni nzuri kama za kubuni. Nilichelewa kukuelewa."

Bwana Ushahidi alikuwa anamgeuza bata vidoleni, juu chini, juu chini. Hatimaye akakohoa.

"Ukurasa wa mwisho wa ripoti yako umeandika kwamba huenda hata mtu mzima hufuata kidevu cha mwenzake bila kujua. Huenda. Watoto nimekubali. Lakini mtu mzima, binti, mwenye akili zake, ushahidi uko wapi?"

"Umeushika, Profesa."

Akanitazama. Akamtazama bata. Kisha polepole, kama mlango mzito, akageuza kichwa kuelekea meza ya chai, ambako Mama Ufunguo alikuwa amelinyanyua birika na kulishika mbele ya uso wake kufunika kidevu.

Desimali ndiye aliyeanza kucheka. Yule mama akafuata, akalaza kichwa juu ya kalamu zake.

"Lakini nilijua!" Bwana Ushahidi akasimama. "Nilijua habari za kidevu! Fomu nilisaini mwenyewe!"

"Ndiyo, Profesa. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Tukatolewa nje wajadiliane. Koridoni nilimkuta baba Kibiriti amekuja na mwanawe begani na mfuko wake wa vifaa, kasema amepita tu, kana kwamba watu hupita tu ghorofa ya tatu. Nikampokea Kibiriti nikamweka kiunoni. Mama Ufunguo akasimama nasi, mikono juu ya funguo zisilie. Ndani tulisikia sauti, halafu kimya, halafu kiti kinavutwa. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka namba tisa na kurudi. Thelathini na moja.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Ushahidi akatoka peke yake, ameufunga uso.

"Kanuni haziniruhusu kusema lolote," akasema. "Kamati imemaliza. Utapata barua kwa njia ya kawaida."

"Asante, Profesa," nikasema. Baba Kibiriti akanishika kiwiko.

Kibiriti akanivuta sikio.

"Mama. Babu kasema na kidevu."

Tukageuka wote. Bwana Ushahidi alikuwa amesimama wima, midomo imebanwa, macho juu ya dari kama askari wa gwaride. Na kidevu chake kilikuwa kimeelekea mwisho wa korido, kwenye mlango wenye namba tisa. Alikidaka kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

"Sijasema kitu," akasema kutoka nyuma ya kiganja.

"Hujasema, Profesa," akasema Mama Ufunguo, na tayari alishaukamata uzi mwekundu. Alitangulia, gauni linapepea, funguo zinalia kama harusi. Ufunguo ulikataa mara ya kwanza, ukakubali ya pili. Harufu ya karatasi za zamani ikatoka kutulaki. Kulikuwa na meza, kiti cha mguu mfupi, na dirisha lililong'ang'ania, ambalo baba Kibiriti alishatoa bisibisi kulishughulikia kabla hajaulizwa. Nikamweka Kibiriti juu ya meza, akapiga chafya mara tatu, akaniuliza bata yuko wapi.

Swali zuri. Barua ilikuja baada ya siku nane, na sahihi tatu chini yake. Bata mpaka leo hajarudi. Wanafunzi wananiambia yuko juu ya meza ya mkuu wa idara, kando ya miwani, na kwamba siku hizi kabla hajamwuliza mtu ushahidi uko wapi, Bwana Ushahidi anaweka kwanza mkono kwenye kidevu.